Mstari wa Mchunga Uani Kwetu

Dada yangu Mwanamisi,

Ipo sauti moja ambayo haijanitoka masikioni: fagio la chelewa la Mama likikwaruza mchanga wa uwanja wetu hapa Bofu, kisha likinyamaza ghafla. Lilinyamaza mahali pamoja kila asubuhi, penye ukingo wa maua yako. Nilikuwa bado kitandani, na kwa ukimya ule nilijua Mama amesimama anayatazama.

Wamjua Mama na uwanja wake. Mgeni akikuta unyasi umeota, kwake ni kama amekuta nyumba haina wanawake. Lakini siku zile tingatinga lilipokuwa likifyeka kichaka wapitishe barabara, wewe ulirudi kutoka huko na mbegu umezifunga kwenye pindo la leso, ukamwambia, "Mama, nipe pembe hii tu. Usiifagie." Akakupa. Ukamwaga mchunga, mgagani na vile vimaua vya zambarau ambavyo hata wewe hukuvijua jina. Masika yalipokuja, pembe ile ikajaa manjano na nyeupe, na vipepeo wakahamia kwetu.

Bi Zuhura alichungulia juu ya ua wa makuti. "Jirani, siku hizi mwafuga nyoka?"

"Twafuga maua," Mama akamjibu. "Nyoka akija ataanza kwako, kwenye kuku."

Mkacheka wote watatu. Mimi nilikuwa dirishani na kitabu changu, sikucheka.

Unaikumbuka siku niliyohitimu chuo kikuu? Wageni walipomaliza pilau Mama aliinuka, nami nikajiweka sawa, nikidhani aenda kuwaletea cheti changu wakione. Akasema, "Njooni muone kazi ya Mwanamisi." Wakatoka wote kwenda uani. Nikabaki jamvini na masahani matupu. Ulirudi na kiua kimoja cha zambarau, ukakichomeka kwenye mtandio wangu. Hukuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Laiti ungekuwa mbaya, ningepata pa kushika.

Ulipoolewa Malindi nililia pamoja na wenzangu, lakini moyoni nilijua zamu yangu imefika. Haikufika. Kaskazi ilikausha maua yako yote, yakabaki mabua ya kahawia yanayogongana kwa upepo, na bado fagio la Mama lilinyamaza palepale. Tena sasa lilinyamaza kwa muda mrefu zaidi.

Basi siku moja Mama alikwenda msibani. Nikalichukua fagio lake, nikaifagia pembe yako mpaka mchanga ukabaki mweupe. Nikayasukuma mabua kwa fagio, nikakatisha nayo uwanja mzima hadi jaani, nyuma ya jiko. Nilitaka kuyatia moto, nikaona nguo za Bi Zuhura ziko kambani, nikaacha. Mama aliporudi nilimwambia kuku wa Bi Zuhura wameparua kila kitu.

Hakunigombeza. Aliketi kizingitini bila kuvua buibui. Tangu siku hiyo yeye na Bi Zuhura, waliokuwa wakipeana makaa na chumvi juu ya ua, wakabakiwa na salamu tu. Niliyaona hayo kila siku, nikanyamaza.

Kisha masika yakarudi. Pembe yako haikuota hata kimoja. Lakini jaani kulichipuka, na kutoka pembe yako mpaka jaani ukatokea mstari wa mchunga, umenyooka, upana wa fagio. Niliijua njia ile: ndipo nilipoyasukumia mabua yako. Nikawa naumwagilia siku mvua isiponyesha. Hata leo sijui kwa nini. Mchunga ukatoa maua. Mama akauangalia mstari ule, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

"Mwanamisi huyo," akasema. "Hata akiwa mbali, mkono wake waonekana."

Mkono wako, dada. Hata dhambi yangu mwenyewe ulipewa wewe, ikawa sifa.

"Si mkono wake, Mama," nikasema. "Ni wangu." Nikamweleza yote, kuanzia msiba mpaka kuku.

Mama akainuka. Kisha akajitanda leso. "Twende kwa Bi Zuhura."

Nikasimama mlangoni pake, nikarudia maneno yaleyale kwa sauti ambayo sikuijua. Bi Zuhura alinitazama, akawatazama kuku wake. "Hawa wametukanwa tangu kaskazi," akasema. "Waombe radhi na wao." Mama akacheka kabla yangu. Nikawaomba radhi kuku, wallahi, mmoja mmoja.

Tuliporudi, Mama alinionyesha fagio ukutani. "Kuanzia kesho utafagia wewe. Sasa wajua pa kusimama."

Ndivyo ilivyo siku hizi. Nafagia, nafika kwenye mchunga, nasimama. Na nikisimama natega sikio, nijue kama Mama kitandani kwake ausikia ukimya wangu kama mimi nilivyousikia wake.

Umeniomba mbegu, ukazipande huko kwako. Nilizikusanya zilipokauka, nikazifunga kwenye pindo la leso kama ulivyofanya wewe, nikazitia kwenye mkoba nikupelekee. Zikakaa humo wiki nzima. Nakuandikia kwa sababu sitaki kukudanganya kama nilivyomdanganya Mama: wivu haujanitoka. Jana asubuhi nilimwomba Mama kipande cha uwanja chini ya dirisha langu, akanipa. Nimezimwaga zote hapo, sikukubakishia hata moja, na vuli imeshazinyeshea. Ukizitaka, njoo zikikomaa uzichume mwenyewe. Nitakuonyesha pa kukanyaga.

Nduguyo wa tumbo moja,
mdogo wako.