Nimewapigisha Wagonjwa Gwaride, Mume Wangu Hajui

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi salamu zangu zipokee hivyo hivyo, naomba unisaidie kwa sababu nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia hapa kambini, ambako ukikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanakuuliza umekunywa dawa gani.

Mimi ni mke wa askari, nimefuata uhamisho wake mara tatu, kila tukihama naacha kazi, naacha marafiki, na kote watu wananiita Mke wa Sajini, mpaka siku moja karani wa benki aliita jina langu nami nikageuka kumtafuta mwenyewe. Mwaka jana mume wangu akapelekwa mpakani, watoto wako bweni, nikabaki na mama mkwe na televisheni, nafagia mahali nilipokwisha kufagia, ndipo jirani yangu muuguzi akaniambia, "Shoga, njoo wodini ujitolee kutusaidia kulisha wagonjwa, utaoza humo ndani." Nikaenda.

Sasa wodini kuna mama mmoja fundi cherehani, kiharusi kilimlemaza upande wa kushoto, naye akakataa kabisa kutembea. Mtaalamu wa viungo kambembeleza, binti yake kalia, yeye macho ukutani. Siku hiyo tumemsimamisha kwenye vyuma vya mazoezi ya kutembea, nimemshika mkono, na mshauri usinicheke, miaka yote hii nimeishi kando ya uwanja wa gwaride, zile amri nalala nazo naamka nazo, basi zikanitoka kwa sauti ya uwanjani: "Mguu saaawa! Kushoto, kulia, kushoto!" Wodi nzima wakanigeukia. Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe fundi anacheka, kicheko cha upande mmoja, na mguu wa kushoto umesogea! Toka hapo ananiita Afande, na wenzake nao wakataka, sasa asubuhi wanajipanga koridoni na magongo yao, na mimi narudi nyumbani naimba.

Tatizo ni kwamba mume wangu hajui. Akipiga simu namwambia nipo tu, naogopa ataona nafanyia mzaha kazi yake. Mama mkwe anajua na amenuna, anasema, "Kujitolea, kujitolea! Wewe umejitoa nyumbani, hilo ndilo neno." Juzi mume wangu kapiga simu kwa furaha, kapata cheo, na uhamisho juu yake, mwezi ujao anakuja kutuchukua. Nikampongeza, nikakata simu, nikalia. Nilipomwambia fundi kwamba nahama, amegoma tena, kageukia ukuta, anasema bila Afande hatoki kitandani. Je, nimwambie mume wangu atangulie nibaki na wagonjwa wangu, au nifunge mizigo kama kawaida yangu na niwaache walale?

Ni mimi, Afande wa Wodini

*

Afande,

Barua yako nimeipigia saluti nikiwa nimekaa. Mtu aliyewashinda wataalamu na machozi ya mwanawe, wewe umemtembeza kwa amri iliyokuteleza mdomoni! Halafu unaniambia ulikwenda kusaidia kulisha? Miaka uliyodhani unaipoteza kando ya uwanja, kumbe ulikuwa darasani. Nakuhusudu, nasema wazi.

Sasa nikukaripie kidogo. Mwenzio kapata cheo, kakupigia simu. Wewe umepata chako, umekisukumia uvunguni. Ya nini? Huyo ni sajini, ameshaona makuruta wasiojua kushoto na kulia, akisikia mkewe kamrudishia mtu mguu atakosa pa kuiweka furaha. Na akikasirika, afadhali akasirike leo kwenye simu kuliko aje kuambiwa mlangoni na mama yake, kwa maneno aliyoyachagua mama. Mpigie leo. Usiombe ruhusa, mpe habari.

Mama mkwe naye usimjibu. Hilo neno lake la kujitoa ni upweke tu, anakaa na televisheni uliyoikimbia wewe. Mchukue uende naye wodini, mkabidhi kikombe cha chai amnyweshe mgonjwa. Akirudi atakuwa na ya kusimulia wiki nzima, na kununa atasahau.

Kubaki nyuma? Hapana. Mume hujakaa naye tangu mwaka jana, na huko mnakohamia pia kuna watu wamelala wanatazama ukuta. Zile kazi nyingine uliziacha kila ulipohama, lakini hii unahama nayo, iko kooni mwako. Kabla hujatundika mapazia, uliza hospitali iko wapi.

Lakini fundi humwachi hivyo. Hapo umekosea, dada yangu: ulimpa mguu, amri ukabaki nazo wewe. Mtu anayetembea kwa sauti ya mwenzake tu, bado amebebwa. Una mwezi mzima. Kesho nenda ukamwambie kuanzia sasa amri ni zake. Aanze kwa kunong'ona, binti yake amshike mkono. Atakununia, huenda akakutukana pia, vumilia. Wewe simama mwisho wa koridoni mdomo umeufunga, najua utakuwasha. Siku utakayomsikia anajiamrisha mwenyewe, nenda kafunge mizigo.