Mgonjwa wa Mazoezi

Tibirinzi, Chake Chake,
Pemba.
12 Julai 2025

Mpendwa kaka Msellem,

Assalaam alaykum. U hali gani wewe, wifi Shadya na watoto? Joto la Maskati mwezi huu nalijua kwa kusimuliwa tu, Mungu akupeni afya. Mimi mzima, ila nimechoka, kaka, mwili na roho.

Mara tatu nimekupigia simu nikaishia kuuliza watoto wamekula nini. Ndiyo maana naandika.

Muhula huu nafundisha wanafunzi wa uuguzi kuzungumza na mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Jamaa za mgonjwa hutuwahi mlangoni: usimwambie, utamuua kabla ya siku yake. Wanafunzi nao husema "utapoa inshaallah", wakakimbilia kupima presha. Nawagombeza mpaka sauti inanikauka.

Na mimi huyo huyo nimemwambia Mama ana vidonda vya tumbo. Wewe pia nimekwambia hivyo. Si vidonda, Msellem. Ni saratani, imeshafika kwenye ini, kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Najua tangu Aprili. Nisamehe.

Wiki iliyopita nilikosa mtu wa kuigiza mgonjwa. Mama akasema ataigiza yeye, amechoka kulala tu. Nikamleta nyumbani Asya, mwanafunzi wangu wa Kisiwa Panza, mtoto mpole, hajui lolote. Akakaa kando ya kitanda, akauliza kama nilivyomfundisha: Bibi, wewe mwenyewe unayaonaje maradhi yako?

Mama akajibu kuwa anajua anakufa. Sanda ameshaitoa sandukuni, ameianika. Amenyamaza kwa ajili ya binti yake, maana binti akijua kuwa mama anajua, hatoweza hata kwenda kazini. Linalomkaa moyoni ni mwanawe wa kiume. Waliagana kwa maneno makali, naye anataka waombane radhi uso kwa uso.

Asya akadhani Mama anaigiza, akayaandika yote kwenye daftari. Mimi nimesimama mlangoni na bakuli la uji, unapoa. Nikampa Asya maksi zote.

Alipoondoka nikakaa pale pale alipokaa, nikamuuliza Mama swali lile lile. Tulilia sana. Kisha akataka kujua kama wewe umeambiwa. Nikasema bado.

Sasa umeambiwa.

Mjomba Vuai wa Wambaa anakusalimu. Wabusu watoto. Mola akufungulie njia na amuweke Mama mpaka ufike. Nimeshamwambia unakuja, kaka. Usinifanye muongo kwake mara ya pili.

Nduguyo akupendaye,
Moza