Nimeandikishwa kwa Sitini na Moja

Maman wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ng'ambo ya msitu wa Nyungwe. Mgongo wako unaendeleaje? Mvua haijakuharibia nyanya pale darajani Rusizi II? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na baridi ya huku hainiwezi kwa sababu ya kile kitenge kizito ulichonilazimisha kubeba. Nilibisha, ukashinda, asante. Furaha mdogo wangu, wewe unayemsomea Maman, soma polepole na usiruke mahali.

Maman, nimeandikishwa! Niko kwenye sayansi, hisabati na fizikia, kama nilivyotaka. Lakini nusura nirudi nyumbani na sanduku aliloniazima Tantine, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Tulipewa fomu ya kujaza: jina, shule, masomo unayochagua kwanza, unayochagua pili, halafu asilimia uliyopata kwenye diploma. Mwisho ulikuwa Ijumaa adhuhuri. Baada ya hapo, ngoja mwaka mwingine. Nilikaa benchi moja na wasichana wawili waliosomea hapa hapa Rwanda. Wa kulia akaandika themanini na mbili. Wa kushoto, sabini na tisa. Wewe unajua Congo hawagawi alama kama karanga. Mtu akipata hamsini na tano anatembea kifua mbele. Lakini huku nani angenielewa na sitini na moja yangu? Nikaona haya, nikaacha mahali pale wazi. Mengine yote nikayajaza kwa mwandiko wa kupendeza, eti uzuri wa herufi ufunike shimo.

Alhamisi karani mmoja mwenye tai alinirudishia fomu bila hata kuniangalia. Ijumaa nikaipeleka tena, bado wazi! Ukaidi huu nimeurithi kwa Papa, usikatae. Karani akaitupa kwenye rundo la waliokataliwa, na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Nilikufikiria wewe, nitakuambia nini.

Kwenye meza ya pili alikaa mama wa rika lako. Alinisikia nikimbembeleza karani kwa Kinyarwanda changu cha Bukavu, akanigeuzia Kiswahili.

"Weye mutoto ya wapi?"

"Ya Kamembe, maman. Lakini nilisomea Bukavu."

"Na hii fasi unaiacha wazi juu ya nini?"

Nikainamisha kichwa.

"Sema, mutoto. Ulipata ngapi?"

"Soixante et un," nikaitaja sitini na moja yangu kwa Kifaransa, kama mtu anayeungama dhambi.

Mama yule alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Soixante et un! Ku examen d'État! Na uko unaficha?"

Akamgeukia karani na kumweleza kwamba yeye mwenyewe amekulia Uvira, na kwamba kule, kwenye mtihani wa taifa, hamsini ni kufaulu na sitini ni sifa ya mtaa mzima. Fomu ikatolewa kwenye rundo. "Andika weye mwenyewe," akaniambia, "na uandike kubwa." Nikaandika 61, muhuri ukapigwa. Wazee walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa karibu kufa tasa kwa ajili ya tarakimu mbili.

Halafu akaniuliza: "Na pouda? Balikumwangiaka pouda?"

Nikamwambia ukweli. Kule kwetu kila anayefaulu humwagiwa pouda, ile poda nyeupe ya watoto, hadi nyusi zipotee, lakini mimi hapana. Tulikuwa tumemzika Papa siku tatu kabla redio haijasoma majina ya waliofaulu. Majirani walikuja na makopo yao, wakakuta matanga, wakayaficha chini ya vitenge na kukaa nasi kimya. Kisha vita vikatufukuza, tukavuka mto hadi Kamembe, na nani tena angekumbuka?

Mama yule hakunipa pole. Alipaza sauti kwenye foleni: "Nani iko na pouda ya mutoto?" Mwanafunzi mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akatoa kopo. Basi, Maman, nilimwagiwa mbele ya foleni nzima, kichwani, shingoni, hadi kwenye blauzi aliyonishonea Mzee Ramazani. Waliokulia Congo wakapiga vigelegele. Wengine wakatutazama kama wendawazimu. Nililia sana. Nililia kwa furaha na nilimlilia Papa, vyote pamoja, na sikuona aibu.

Masomo yanaanza Jumatatu. Mungu amenitendea mema kupitia watu nisiowajua, na kila asubuhi namshukuru.

Nisalimie Tantine mwenye sanduku. Msalimie Mzee Ramazani, jirani yetu fundi cherehani. Mwambie blauzi imefuliwa na imetakata. Wasalimie na wamama wote unaouza nao darajani, hasa yule anayekushikia nafasi ukienda kuchukua nyanya mpya.

Ndani ya bahasha kuna kikaratasi kilichokunjwa. Msidhani ni dawa. Ni pouda ya kopo lile, niliomba kidogo. Furaha, ukifika hapa weka barua chini, kifungue, umwagie Maman yote kichwani. Siku ile tunavuka mto aliacha sufuria zote, akaifunga diploma yangu tumboni.

Mwanao akupendaye,
Espérance