Msumeno Usio na Swichi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wiki ya tatu tangu fundi mwenzangu Sifael akatwe vidole viwili. Leo Bwana Gurpreet, mwenye karakana, kanituma kwenye mashine ya msumeno, nipasue mbao za milango ya mteja wa kule Mkuu. Nilipofika hatua mbili mbele ya mashine, nikageuka. Nikasema tumbo linauma. Uongo.

Karakana nzima inaamini umeme ulikuwa umekatika, ukarudi ghafla wakati Sifael anatoa kipande kilichokwama. Sivyo. Mimi ndiye niliyebonyeza swichi. Nilidhani kamaliza. Sikuangalia! Sijamwambia mtu, hata padre.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Gurpreet umeme unatuchelewesha, kwa hiyo natengeneza msumeno wangu wa mkono, ule wa fremu ya mbao. Kacheka. Anasema babu yake alifanya kazi kwa misumeno hiyo hapa hapa Majengo. Kanipa utepe wa chuma wenye meno, wa mashine iliyokufa. Lakini Jumatatu nirudi kwenye mashine, kasema.

Nimechonga miguu miwili ya mbao ya mringaringa na mti wa katikati wa kuitenganisha. Chini unakaa utepe, juu kamba. Ukisokota kamba kwa kijiti, miguu inavutana juu, inatanuka chini, utepe unakaza. Hakuna swichi popote.

Ijumaa, 13 Juni

Nilisokota kupita kiasi. Kamba ikakatika — paa! — mguu wa fremu ukanipiga kidevuni. Nilijikuta barabarani, sijui nilifikaje. Mafundi wamesimama mlangoni wananitazama. Gurpreet kaniuliza kama nalala vizuri. Nimesema ndiyo.

Nanunua kamba ya katani kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepanda Old Moshi kumwona Sifael. Mkewe, Dominika, kanipakulia mtori wa ndizi, akanishukuru kwa kuufunga mkono wa mumewe kwa kanga yangu na kumkimbiza hospitali. Kasema bila mimi angekuwa mjane. Mtori niliuacha nusu.

Sifael kasikia kwa mafundi natengeneza msumeno. Kauliza habari za huo tu. Kasema Jumanne anashuka kazini. Nimeteremka mlima kama nafukuzwa.

Jumatatu, 16 Juni

Umekata! Meno nimeyanoa kwa tupa ya pembetatu, nikayapinda moja kushoto, moja kulia. Ubao wa inchi mbili, mstari umenyooka. Nilisukuma na kuvuta, vumbi linaanguka miguuni, na kwa dakika kumi sikuogopa kitu.

Gurpreet kaja kuutazama mkato. Habari ya mashine hakuitaja. Kasema milango ya Mkuu tutaifanya pamoja, mimi na Sifael.

Hofu imerudi yote.

Jumanne, 17 Juni — saa nne asubuhi

Naandika stoo, kwa penseli.

Sifael kaja, kanisalimia vizuri tu. Mafundi wengine wako kwa mteja na Gurpreet. Kaomba aujaribu msumeno kwa mkono wa kushoto, nimshikie ubao. Alikata taratibu, bila kunitazama. Katikati ya ubao akasimama.

"Digna, siku ile mashine ya unga ya jirani, ile ya umeme, ilikuwa inanguruma," akasema. "Nimekumbuka nikiwa wodini. Umeme ulikuwa umesharudi kabla sijaingiza mkono."

Nikaendelea kushika ubao.

"Na tulikuwa wawili tu."

Nikasema nafuata tupa. Tupa ninayo mfukoni. Nimeingia huku, nimefunga komeo.

Nasikia msumeno. Umeanza. Umesimama. Sasa nyayo — polepole. Kagonga mara moja, si kwa nguvu. Anasema ubao umebaki nusu, na kwa mkono mmoja hawezi kuumaliza.

Nimemjibu, naja kaka.

Bado nimekaa. Naye hajaondoka mlangoni.