Sweta la Bluu la Naomi

Kwako mke wangu mkongwe, Bibi,

Shikamoo mara mbili, moja ya heshima na moja ya uchokozi. Miguu inasemaje? Na lile jino lako la mwisho bado linalinda boma peke yake? Mimi mumeo mdogo ni mzima, ila baridi ya huku Arusha haina adabu, asubuhi inakukamata masikio kama mwalimu wa hesabu. Nawe Shukuru unayemsomea Bibi barua hii, soma yote, usiruke pale ninapokusema wewe.

Bibi, uliwatangazia watu Namtumbo nzima kwamba mjukuu wako aliyekimbia kidato cha pili ataishia kusukuma mkokoteni. Sasa watangazie kwamba mimi ni fundi wa rangi, na si rangi za ukuta. Niko Kaloleni kwa kalasinga mmoja, Mzee Kirpal. Watu wanamletea mikanda ya filamu waliyopigwa zamani, harusi na ubatizo, yeye anaiingiza kwenye kompyuta, mimi narekebisha rangi, wao wanakwenda kuangalia nyumbani kwenye televisheni. Mikanda ile ikizeeka inageuka nyekundu yote, watu, migomba, mpaka mbingu, utadhani imeungwa nyanya. Mimi ndiye ninayeirudishia mbingu bluu yake. Mzee Kirpal ananiita mbumbumbu kutwa, lakini kazi ngumu anampa nani?

Sasa sikia. Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja wa Kimeru kutoka Akheri, huko mlimani kwenye kahawa. Ana zaidi ya miaka themanini, mwenzako huyo, ila yeye ana meno. Watu wanamwita Mama Naomi. Alishika kopo la filamu limefungwa kwenye kanga. Alizaa mapacha wa kike, Naomi na Rebeka, wanafanana kama punje mbili za buni. Naomi alikufa kwa surua akiwa na miaka saba. Rebeka yupo, mstaafu, anakaa Njiro. Mchungaji mmoja wa Kizungu aliwapiga filamu wakitoka kanisani, mwaka mmoja kabla ya surua. Picha nyingine ya Naomi hakuna.

"Naomi alivaa sweta la bluu, Rebeka la kijani," akaniambia. "Nirudishie rangi, nimjue mwanangu."

Tukatazama. Masweta yote mawili yana rangi ya tofali. Mzee Kirpal akanivuta pembeni. "Bluu na kijani ndizo zinakufa kwanza. Hapa hakuna cha kurudisha. Mwambie bibi wa watu ukweli."

Nishindwe mimi? Nikamwambia bibi arudi Ijumaa. Nikakaa kwenye mashine siku mbili, nikayapaka masweta yale kwa mkono, picha moja moja. Bluu nimpe nani? Mmoja alikuwa anacheka, mwingine kanuna. Nikawaza, marehemu wote husifiwa kwa kicheko, sijasikia msiba wa mtu aliyenuna. Anayecheka nikampa bluu.

"Umejuaje?" Mzee Kirpal akauliza.

"Jicho la fundi hilo, mzee."

Sikumngoja Ijumaa, nikapanda mwenyewe hadi Akheri kumchomekea filamu kwenye televisheni yake. Rebeka alikuwepo, anamenya ndizi za mama yake. Picha ilipotokea, yule bibi aliinuka na fimbo yake mpaka kwenye televisheni, akambusu wa bluu, akampapasa mashavu. "Naomi wangu! Naomi wangu!" Bibi, nilijiona mrefu kuliko Mlima Meru. Rebeka akaendelea kumenya ndizi.

Kesho yake akaja dukani.

"Kijana, huyo wa bluu ni mimi."

"Shangazi, una hakika?"

"Huoni pengo? Jino lilitoka asubuhi ileile. Mama kasahau. Yangu huwa anasahau."

Jasho likanitoka na baridi yote ile. Nikamwomba radhi, nikasema nabadilisha sasa hivi, ni kazi ya muda mfupi.

"Nimekwambia ubadilishe?" akasema. "Ile nyumba nimejenga mimi. Kumwogesha namwogesha mimi. Maisha yangu yote hajanishika shavu. Jana kanishika. Acha hivyohivyo." Akaongeza, "Na huyo aliyenuna mwondoe. Siku moja akimwangalia vizuri atamjua."

Nikamwondoa. Mahali pengine niliibana picha, mahali pengine nikakata, hata mkono wake haukubaki. Fundi yeyote akiangalia atasema ni kazi safi. Mkanda wenyewe Rebeka aliutia kwenye mkoba wake, na sidhani kama bado upo.

Jumapili nikapeleka mpya. Mama Naomi akaangalia mpaka mwisho.

"Mwingine yuko wapi? Si walikuwa wawili?"

"Mkanda umeoza upande ule, Mama," Rebeka akamjibu. "Amepotea Rebeka. Amebaki Naomi."

Yule bibi akashusha pumzi, akaegemea kiti kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," akasema. "Safari hii Mungu kachagua vizuri."

"Ndiyo, Mama," akasema Rebeka, akamwongezea chai.

Mimi nikatoka bila kuaga, Bibi, nikashuka kwa miguu mpaka lami.

Haya. Msalimie mjomba mziba pancha, mwambie huku baiskeli ni za watalii. Shangazi muuza togwa mwambie nimekonda, asifurahi sana. Mama mdogo wa kwaya mwombe aniombee, na asiulize kwa nini. Mtu akikuuliza kazi yangu, sema fundi wa rangi. Hayo mengine mezea.

Ni mimi mumeo asiyelipa mahari,
Festo