Mpenzi wa Kaunta

Jumatatu, 4 Machi

Leo ameniita "mpenzi" tena. Mlango wa duka ulipofunguliwa tu. Kabla ya hapo tulikuwa jikoni pamoja tangu alfajiri, mimi na mayai, yeye na unga, na neno alilonipa ni moja: "Pisha."

Akaingia mama mmoja kuulizia keki ya ubatizo. Mume wangu akajifuta mikono, uso ukamchanua. "Mpenzi, mwoneshe mama picha za ubatizo." Mpenzi! Nikamwonesha, na kutabasamu nikatabasamu. Mimi si mtoto, kazi naijua. Yule mama akatazama picha yetu ya harusi ukutani, akasema anatamani binti yake apate mume kama huyu. Nikamwambia amina.

Mama akatoka. Tukarudi jikoni. Pisha.

Jumatano, 6 Machi

Nisimwonee. Sheria tuliitunga wote wawili. Tulipofungua duka, ndoa bado mbichi, tulikubaliana mteja asione tumenuna. Mtu hawezi kuja kununua keki ya harusi akahudumiwa na watu waliokunjiana uso. Ugomvi utasubiri nyumbani. Hata mama mchungaji aliisifu!

Ila nyumbani tunafika hoi, miguu imevimba, na ugomvi unaambiwa usubiri mpaka kesho. Kesho kuna wateja. Basi siku hizi hatugombani kabisa, na kanisani wanatuita chanda na pete. Tumefunika kombe, lakini hakuna mwanaharamu anayepita. Wanapita wateja tu.

Asubuhi tunaomba kabla ya kufungua. Anaombea oveni isiharibike, umeme usikatike, mayai yasipande bei. Anamwombea bibi harusi wa kila oda. Oveni yetu imeombewa kuliko mimi. Leo nilifumba macho nikangoja, labda atamtaja na yule tusiyemtaja. Akasema amina, akawasha oveni.

Ijumaa, 8 Machi

Hili sijawahi kuliandika.

Mwezi wa kumi na moja, Ijumaa kama leo. Mimba ilikuwa ya miezi minne. Damu ilianza nikiwa natengeneza krimu. Keki ya harusi ya kesho yake, tabaka tano, ndiyo kwanza ilikuwa imetoka ovenini, na keki ya moto haipambiki, krimu inayeyuka yote. Akanikimbiza zahanati. Nesi akanipokea. Yeye akabaki amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, watu wana harusi. Akaenda.

Nesi alisema nilale wiki nzima. Jumamosi nikainuka. Tuliipeleka keki ukumbini tabaka moja moja, mimi nikashika stendi, yeye akapanga. Mshereheshaji akatuita mbele, tukapigiwa makofi. Tukatabasamu! Jumapili kanisani, Jumatatu oda nyingine. Tulisema tutamlilia tukipata nafasi. Mtoto wetu yuko kwenye foleni mpaka leo.

Sina hasira kwamba alienda. Nina hasira kwamba mpaka leo hajarudi.

Jumapili, 10 Machi

Mama mchungaji ametukamata mlangoni baada ya ibada. Jumamosi kuna semina ya wachumba, anataka tusimame mbele tuwafundishe jinsi ya kufanya kazi pamoja bila kukosana. Mume wangu akanishika bega (tulikuwa mbele za watu) akasema, tutafurahi sana, mama. Mimi nilitaka kusema hapana. Kinywa kikasema asante.

Kaunta ni biashara, kutabasamu si dhambi. Lakini madhabahuni? Nikisimama pale niseme tuna amani, nitakuwa namdanganya nani?

Nyumbani nimemwambia tusiende. Akauliza kwa nini, mbona ni tangazo zuri la duka. Kabla sijajibu amelala. Na viatu!

Jumanne, 12 Machi

Nimejikamata leo. Mteja alishalipa, keki anayo mkononi, nikamzuia. Habari za watoto? Mama hajambo? Na huko kwenu mvua vipi? Kila nilipomzuia, mume wangu alizidi kuwa mtamu. Akaniwekea mkono kiunoni. Mteja alipoondoka, mkono nao ukaondoka.

Yaani namwiba mume wangu mwenyewe, tena kwa msaada wa mteja. Aibu gani hii.

Alhamisi, 14 Machi

Amenisomea hotuba yake ya Jumamosi. Nzuri, ina vichekesho. Nikamuuliza: na mwezi wa kumi na moja tutauweka wapi?

Akakunja karatasi. Akasema mayai yamekwisha, ngoja akanunue.

Mayai yapo. Trei mbili, chini ya meza.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika hapa hapa kaunta, mchana kweupe.

Alikuja bibi harusi wa mwezi ujao na shangazi yake. Binti mcheshi, mimi ananiita dada, mume wangu shemeji. Tukawafungulia albamu ya picha. Mume wangu alikuwa moto — mpenzi lete hiki, mpenzi waoneshe kile. Shangazi mtu akauliza, na nyie wapishi, mnatulisha keki za wenzenu tu, ya ubatizo wa mwanenu tutaila lini?

Mume wangu akacheka. "Shangazi, bosi wangu huyu hanipi likizo!"

Wakacheka wote. Mimi nikajisikia nasema, taratibu, kama ninayetaja bei: "Alikuja. Alikaa tumboni miezi minne. Alitoka Ijumaa, na Jumamosi tukapeleka keki ya watu."

Binti akafunga albamu. Shangazi akavua miwani, akasema pole mwanangu, pole sana, mnisamehe mdomo wangu. Mume wangu bado alikuwa na lile tabasamu la kaunta usoni, amelisahau pale. Halafu akaniita jina langu. Jina langu, mbele ya mteja! Akaingia jikoni.

Shangazi akamshika binti mkono, akasema watarudi siku nyingine, wakatoka kwa kunyata.

Tangu hapo mashine ya kukorogea inaunguruma. Nimechungulia. Bakuli ni tupu, hakuna siagi wala sukari, inazungusha hewa. Yeye ameinamia meza, mabega yanamtikisika. Ameiwasha ili nisimsikie.

Kuna mteja anavuka barabara anakuja huku. Nimetia komeo. Anagonga. Ananiona kwenye kioo cha mlango, anashangaa, anagonga tena — agonge tu. Naenda jikoni. Sijui nitamwambia nini. Kwanza nizime mashine.