Vipimo vya Sindano

Duka la Kushona,
Mlango wa tatu, nyuma ya stendi ya teksi.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa mwanangu Sindano,

Hujambo mama? U mzima? Kile kikohozi ulichoniandikia mara ya mwisho kimekwisha, au bado unakohoa na huku unajifanya jasiri? Vaa nguo nzito. Nakujua mimi, huko juu kwenye mitambo yenu ya upepo unatoka asubuhi kichwa wazi, kama mtu anayekimbilia duka la jirani kununua chumvi. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanayonikumbusha umri. Mama yako mzazi alipita hapa juzi. Ni mzima, na amenenepa, ila usimwambie nimesema.

Baba yako mdogo yupo. Leo sitaanza na salamu zake kama ninavyofanya siku zote, na sababu utaiona mbele. Macho yake yamezidi kuingia ukungu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, atafanyiwa upasuaji zamu yake ikifika, labda mwezi wa tisa. Kwa sasa tarakimu za kwenye futi ya kupimia hazioni kabisa. Mimi nakaa mbele ya kompyuta namsomea, kifua arobaini, mkono ishirini na nne, nami huyohuyo namshikisha alama kwenye futi. Yeye anapapasa kitambaa, anaweka chaki, anakata, na nguo inatoka sawasawa. Kupima mteja mpya ndiyo kazi iliyotushinda. Nilijaribu kumpima mmoja mimi mwenyewe, na suruali ile mwenyewe aliivaa akashindwa kukaa.

Kwa hiyo tunaishi kwa wateja wa zamani, wale ambao vipimo vyao uliviingiza kwenye hifadhidata yako. Madaftari hayapo tena. Yalilowa yote bomba lilipopasuka, wino ukawa uji. Kile kilichomo ndani ya kompyuta kikipotea, baba yako mdogo anabaki kukaa kwenye kiti na kusikiliza redio, na wewe unajua atakaa siku ngapi kabla hajaanza kuugua ugonjwa usio na jina.

Sasa nikueleze yaliyonipata wiki iliyopita, maana mpaka leo sijayaelewa vizuri, na wewe ndiye uliyeyaanzisha.

Kompyuta ilianza kugonga ndani, ko, ko, ko, kama kuna mtu anataka kufunguliwa mlango. Nikamwita fundi kompyuta wa kibanda cha pili, yule mzee mwenye upara tunayemwita Bisibisi kwa sababu bisibisi haimtoki sikioni. Akaweka sikio, akatikisa kichwa, akasema, "Mama, hii diski inaaga." Alikuwa na kompyuta nyingine iliyotumika, angenipa hiyo, naye aichukue ile ya zamani akatoe vipuri. Lakini kwanza nitoe nakala ya hifadhidata.

Nikachomeka flashi ili niburute folda yote niitupie humo, kama ninavyofanya na picha. Bisibisi akanishika mkono. Eti hifadhidata inayofanya kazi hainakiliwi hivyo, inaweza kufika imeharibika. Inatolewa kwa amri. Amri ya nani kwa nani? Akaniuliza kama aliyeitengeneza hakuacha maelekezo. Hapo ndipo nilipokumbuka karatasi ya amri zako uliyobandika ndani ya mlango wa kabati. Ningekupigia simu, lakini huko kwako simu haishiki, na lori la barua linapanda mara moja kwa mwezi. Basi nikajifunga kibwebwe peke yangu.

Nikafungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri. Jamani! Hakuna picha, hakuna mahali pa kubonyeza, ni kijistari tu kinakonyeza. Nikakiangalia, nacho kikaniangalia. Nikanakili amri yako herufi kwa herufi, kikaniuliza neno la siri. Naandika, hakuna kinachoonekana. Hata nukta! Nikadhani vitufe vimekufa, nikavigonga mpaka baba yako mdogo akauliza kama napigilia misumari. Kikanikataa mara tatu. Mara ya nne nikaandika kwa hasira, kikakubali. Niambie mwanangu, ni adabu gani hiyo ya kumwandikisha mtu gizani?

Kisha kikanyamaza. Kijistari kikarudi mahali pake, basi. Hakuna kusema imekamilika, hakuna kusema imeshindikana. Nikakiuliza kwa sauti, "Sasa umefanya au hujafanya?" Baba yako mdogo akajibu kutoka kwenye meza ya kukatia, "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Sikujua kama ananitania au ananitisha. Lakini nilipofungua flashi nikaikuta faili, imekaa, ina jina na tarehe. Nikajiona msomi. Nikamwambia Bisibisi aniachie kompyuta yake, achukue lile gofu la zamani aende zake.

Siku ya pili nikairudisha nakala kwenye kompyuta mpya kwa amri yako ya tatu. Majedwali yakaja yote: Wateja, Vipimo, Kazi. Safu zote zipo, jina, nguo, tarehe, kifua, kiuno, bega, mkono, maelezo. Tulikuwa na sare thelathini za wahudumu wa hoteli za kukabidhi Jumatatu, na kitambaa kilikuwa tayari kimetandazwa. Baba yako mdogo akanyoosha mkasi, akasema, "Haya, nisomee wa kwanza."

Hakukuwa na wa kwanza. Hakukuwa na wa pili. Nikashuka chini, nikapanda juu, nikafungua Wateja, nikafungua Vipimo, patupu. Safu zimejipanga vizuri na hakuna hata mtu mmoja ndani! Yeye amesimama pale na mkasi, uso ameuelekeza kwangu, anangoja. Nikadanganya kwamba mashine inawaka polepole, nikatoka mbio na kandambili.

Nilimkuta Bisibisi ameshaitoa diski, imelala juu ya gazeti, anajiandaa kuifuta. Nikapiga ukelele, "Usiiguse!" mpaka chai ikammwagikia mguuni. Nikampa ile karatasi yako. Akaisoma, akanitazama kwa huruma, akasema nimetumia amri ya kwanza, ile ya kutoa umbo la majedwali tu. Ya pili ndiyo inayotoa umbo pamoja na vilivyomo.

Nilijua! Nilizisoma zote mbili. Lakini mimi ni mke wa fundi cherehani. Tangu niingie duka hili, kinachotunzwa ni kigezo, lile umbo la kukatia nguo. Vigezo vya karatasi tunavining'iniza ukutani miaka ishirini, ole wake atakayevikunja. Kitambaa kinaondoka na mwenyewe. Kwa hiyo niliposoma umbo, nikasema hicho ndicho cha kuhifadhi, hayo mengine ya nini kuyabeba? Nikamweleza Bisibisi hivyohivyo. Akasema, "Mama, umbo naweza kukutengenezea mimi kwa nusu saa. Vipimo vya watu utavitoa wapi?" Nikakaa kwenye kindoo chake cha rangi, nikalia kidogo.

Akairudisha diski ndani. Kompyuta ikakataa kuwaka. Akajaribu tena, ikakataa. Akailaza ubavu, akaipigapiga mgongo kama mtoto aliyepaliwa, ikawaka huku inagonga. Nikaandika amri ya pili, neno la siri gizani vilevile. Kikanyamaza. Safari hii sikukiamini. Nikaangalia ukubwa: faili ya kwanza ilikuwa kilobaiti tano, hii ilikuwa mia nane na zaidi. Nikamwambia Bisibisi asimguse mgonjwa mpaka nirudi, hata wakija kumnunua.

Dukani nikaifuta ile tupu, nikairudisha hii, nikahesabu kwa ile amri yako ya kuhesabu. Watu elfu moja mia moja arobaini na sita! Nikamwambia baba yako mdogo ukweli wote, tangu kandambili mpaka kindoo. Akauliza tu, "Wote wamo?" Nikasema ngoja nihakikishe. Nikaanza kuita majina moja moja kwenye kompyuta na kumsomea. Unakumbuka safu ya maelezo ulivyomfundisha kuijaza, anadonoa vitufe kwa kidole kimoja kama kuku? Nikamsomea ya yule mwalimu wa hesabu: "Bega la kushoto limeshuka. Usimwambie." Akacheka. Nikasoma ya mama yako, nisiyoweza kukuandikia hapa. Tukacheka wote wawili.

Kisha, kwa kujaribu tu, nikaandika jina lililonijia kichwani. Sikuwahi kulitafuta, ningelitafutia nini? Nikabonyeza, likaja, na kwa mazoea nikaanza kusoma kwa sauti kabla sijafikiri.

Nikasoma: Sindano. Koti. Kifua thelathini na nne. Bega kumi na tano. Mkono ishirini na tatu. Maelezo: "Acha akiba ya inchi mbili ndani ya kila mshono. Atarudi amekuwa mtu mzima. Lipanuliwe, lisitupwe."

Mwanangu, tarehe ni siku mbili baada ya ule ugomvi. Wewe ulikwishasema hutaki kuirithi meza yake, naye alikwishakuambia uende na usirudi. Mimi ndiye niliyekukabidhi lile koti kituoni, limefungwa kwenye gazeti, nikadhani amelishona ili mambo yaishe. Tangu siku hiyo hajalitaja jina lako hata mara moja. Miaka sita nalala na mtu huyu chumba kimoja, na haya aliiambia mashine!

Mkasi ukasimama. Nikangoja agombe, au atoke nje. Akasema, "Hivyo vipimo ni vya zamani." Nikamuuliza kama nikuandikie utume vipya. Akainama juu ya kitambaa, akatafuta mstari wa chaki kwa kidole gumba, akajibu, "Vipimo havitumwi. Mtu anapimwa amesimama." Kisha akaniambia nisome wa hoteli, Jumatatu haiko mbali.

Sare zimekabidhiwa zote. Flashi moja ipo kabatini, ya pili kwa mama yako, na ile kompyuta ya zamani ilizima siku ya pili yake, haikuamka tena. Mimi bado nimechanganyikiwa. Kwa nini kile kidirisha kinanyamaza kikifanya vizuri, na pia kilinyamaza nilipokosea? Nitajuaje siku nyingine? Na huyu mume wangu atakupima kwa macho gani? Sikuthubutu kumuuliza. Labda utajisomea futi mwenyewe. Kama koti bado unalo, lifumue bitana kidogo ubavuni uangalie ndani kama zile inchi mbili zipo, halafu unijibu kwa lori linaloshuka.

Mama yako anakusalimu sana. Bisibisi anakusalimu, na anasema karatasi ijayo uandike amri moja tu, anaonyesha na mguu uliounguzwa na chai. Baba yako mdogo anakusalimu. Sentensi hiyo nimekuandikia kila barua kwa miaka sita, na kila mara nilikuwa namtungia, Mungu anisamehe. Leo nilipokaa kuandika, aliniuliza ninamwandikia nani. Nikamwambia. Akarudi kwenye kitambaa chake, nikaendelea. Nilipofika hapa akasema, "Mtilie na salamu zangu." Hizi ndizo.

Mungu akulinde huko juu, akushushe salama.

Mimi mama yako mdogo, akupendaye na akungojeaye,

Mama wa Dukani